Anayelipa deni kwa makubaliano asitozwe adhabu

Dawa ya deni ni kulipa. Kila aliyewahi kukopa ameambiwa hivyo, na maofisa wa mikopo huyarudia maneno hayo wanapomwita mteja aliyekwama ili wapange naye namna ya kulipa. Ni maneno ya kweli kwa sharti moja: kila shilingi inayolipwa ilipunguze deni. Kwa mteja wa ovadrafti, sharti hilo huvunjwa kirahisi mno. Mtu anakiri kwamba ameshindwa, anakubaliana na benki alipe kiasi fulani kila mwezi, analipa bila kukosa, na akija kuisoma taarifa ya akaunti yake anakuta bado anakatwa ada ya kupitisha kikomo, faini ya kuchelewa na riba ya adhabu, kana kwamba makubaliano yale hayakuwahi kuandikwa. Nasema ada hizo ni dhuluma. Nasema pia kwamba sheria ya Kenya tayari inampa mteja njia za kuzipinga, na kwamba Benki Kuu ya Kenya inapaswa kuuziba mwanya uliobaki kwa agizo moja lililo wazi: tangu siku ya makubaliano, adhabu zote zisimame.

Ili kuiona dhuluma yenyewe, ni lazima kwanza tuelewe ovadrafti inavyofanya kazi, kwa sababu si mkopo wa kawaida. Mkopo wa kawaida una kiasi kinachojulikana, ratiba ya malipo na siku ya mwisho. Ovadrafti ni ruhusa ya kutoa fedha zaidi ya zile ulizo nazo, hadi kikomo mlichokubaliana. Riba huhesabiwa kila siku juu ya kiasi ambacho akaunti imezama, kisha hukatwa mwisho wa mwezi kwenye akaunti ileile. Maana yake ni kwamba riba ya mwezi huu inageuka kuwa sehemu ya deni la mwezi ujao, nayo inaanza kuzaa riba yake. Ada nazo hufuata njia hiyohiyo. Ukipitisha kikomo, unatozwa. Hundi au agizo la malipo la kila mwezi likirudi kwa kukosa fedha, unatozwa. Juu ya ada hizo kuna ushuru wa serikali. Yote hayo yanaingia katika akaunti ambayo tayari imezama, na mara nyingi ada yenyewe ndiyo inayoisukuma akaunti ipite kikomo, kisha kupita huko kunazaa ada nyingine. Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake yameanguka kwa miezi miwili anaweza kujikuta nje ya kikomo bila kuchukua hata shilingi moja mpya.

Tufanye hesabu, maana katika jambo hili hesabu inasema kuliko malalamiko. Chukua mfano wa mwenye duka aliyekuwa na kikomo cha shilingi 100,000, na siku anapokubaliana na benki deni limefika 118,000. Wanaafikiana alipe 6,000 kila mwezi. Riba ni asilimia 18 kwa mwaka, yaani asilimia moja na nusu kwa mwezi, hivyo mwezi wa kwanza riba ni 1,770. Ikiwa benki haitozi kitu kingine, 4,230 zinalipunguza deni, na kwa mwendo huo mwenye duka anamaliza katika muda usiofika miaka miwili, akiwa amelipa jumla ya takriban 141,000. Sasa ongeza ada na faini za 3,000 kwa mwezi kwa sababu mfumo wa kompyuta bado unaihesabu akaunti yake kuwa imekwama. Katika zile 6,000, zinazolifikia deni ni 1,230 tu. Baada ya mwaka mzima wa kulipa bila kukosa, ametoa 72,000 na deni limeshuka kwa 16,000 hivi. Atamaliza baada ya miaka mitano, akiwa amelipa karibu 360,000. Mtu ni yuleyule, deni ni lilelile, riba ni ileile na uaminifu wake wa kulipa haukubadilika. Zaidi ya 200,000 za tofauti ni ada na riba ya juu ya ada. Na mfano huu umemchukulia mwenye duka kuwa hakuteleza hata mwezi mmoja.

Kwa nini niite jambo hili dhuluma badala ya kuliita biashara ngumu? Jibu limo katika kazi ambayo kila tozo inadaiwa kufanya. Riba ni bei ya kutumia fedha za mwingine, na hapa sina ugomvi na riba iliyoandikwa katika mkataba. Ada ya kupitisha kikomo ni kitu kingine. Benki huitetea kwa sababu mbili: kwamba kupitisha kikomo kunailazimu kufanya kazi ya ziada ya kuchunguza akaunti na kuamua kama iruhusu malipo, na kwamba ada inamkanya mteja asirudie. Makubaliano ya kulipa yanaziua sababu zote mbili kwa wakati mmoja. Kazi ya kuchunguza imekwisha kufanyika, uamuzi umetolewa, na kwa kawaida akaunti imefungiwa isitoe fedha zaidi. Mteja naye hana cha kukanywa, kwa kuwa hachukui kitu, analipa tu. Akaunti iko juu ya kikomo kwa sababu benki yenyewe imeridhia iwe hivyo wakati deni likishuka polepole. Kumtoza mtu kwa kuwa mahali ambapo umemruhusu kwa maandishi awe ni kumuuzia ruhusa na bado kumshtaki kwa kuitumia.

Sheria haijalala kabisa katika jambo hili. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki ya Kenya kinakataza taasisi kuongeza kiwango cha ada zake za kibenki au tozo nyingine bila kwanza kupata idhini ya waziri anayehusika na fedha. Kwa miaka mingi benki zilishikilia kwamba kifungu hicho kinahusu ada pekee, wala si riba. Mwaka 2024, katika kesi ya Stanbic Bank Kenya dhidi ya kampuni ya Santowels, Mahakama ya Juu ilikataa tafsiri hiyo na kusema kwamba riba nayo imo. Kwa mteja wa ovadrafti uamuzi huo ni mzito. Kama riba ya adhabu au ada fulani ilipandishwa akiwa katikati ya kulipa, ana haki ya kuuliza idhini ilitolewa lini, na benki haiwezi kujibu kwamba swali hilo halimhusu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inaongeza kinga nyingine katika kifungu chake cha 56: mtoa huduma wa benki haruhusiwi kumtwisha mteja ada ambayo hakujulishwa kabla ya kutozwa au kabla ya kupewa huduma, na mteja anastahili kuelezwa ada zote, ziitwe jina lolote. Juu ya sheria hizo mbili kuna Katiba ya mwaka 2010, ambayo katika kifungu cha 46 inamhakikishia mtumiaji habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na huduma, pamoja na ulinzi wa maslahi yake ya kiuchumi.

Kinga inayojulikana zaidi ni ya kifungu cha 44A, kilichoanza kutumika tarehe 1 Mei 2007. Kifungu hicho kimeweka dari. Mkopo ukishahesabiwa kuwa umekwama, benki haiwezi kudai zaidi ya deni la msingi lililokuwapo siku ulipokwama, riba isiyozidi kiasi hichohicho, na gharama za kulifuatilia deni. Kwa lugha ya sokoni, aliyekwama na laki moja hawezi kudaiwa riba itakayozidi laki moja nyingine. Kanuni hii ina asili katika sheria za Warumi, ikaingia Afrika Kusini pamoja na sheria za Waholanzi, na Bunge la Kenya likaiandika katika sheria baada ya miaka ya malalamiko kuhusu watu waliouziwa mashamba na nyumba kwa madeni yaliyokuwa yameongezeka mara kadhaa. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ilikwenda mbali zaidi na kusema kwamba hata Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, inafungwa na kanuni hiyo.

Lakini ndani ya kifungu hichohicho kuna ibara ambayo watu wachache huisoma, nayo ndiyo inayomgusa anayelipa kwa makubaliano. Inasema kwamba mkopo ukikwama, mdeni akaanza tena kulipa, kisha ukakwama tena, dari itahesabiwa kuanzia mara ya mwisho mkopo ulipokwama. Nia yake inaweza kuwa njema: aliyelipunguza deni kutoka laki moja hadi elfu sitini atapata dari ya chini zaidi. Tatizo ni pale malipo yake yalipomezwa na ada, au pale makubaliano mapya yalipokusanya riba na faini za zamani na kuziita deni la msingi. Laki moja inakuwa laki moja na elfu sitini, mteja anatia saini kwa kuwa ofisa amemwambia hiyo ndiyo njia pekee ya kumwepuka dalali, na akikwama mara ya pili benki inaweza kuja na dari mpya ya riba ya laki moja na elfu sitini. Aliyekaa kimya bila kulipa chochote angebaki chini ya dari yake ya kwanza. Sheria iliyotungwa kumlinda mdeni inaishia kumweka pabaya zaidi yule aliyejitahidi kulipa. Sidhani kwamba wabunge waliopitisha kifungu hicho walikusudia hivyo, na hakimu anayepelekewa kesi ya aina hii ana kila sababu ya kuuliza ni kiasi gani cha hilo deni la msingi jipya kilikuwa fedha alizopokea mteja mkononi.

Kasoro ya pili ya 44A ni kwamba inataja riba na gharama za kufuatilia deni, lakini haizitaji ada kwa majina yake. Hapo benki hupata nafasi ya kubishana. Je, ada ya kupitisha kikomo ni riba? Je, ni gharama ya kufuatilia deni? Afrika Kusini iliuondoa ubishi huo mwaka 2005 ilipotunga Sheria ya Taifa ya Mikopo. Kifungu cha 103 cha sheria hiyo kinaweka kapu moja: riba, ada za huduma, bima ya mkopo, faini za kuchelewa na gharama za kukusanya deni, vyote kwa pamoja, haviwezi kuzidi deni la msingi lililobaki siku mteja aliposhindwa kulipa. Huko, kubadili jina la tozo hakuisaidii benki, kwa kuwa majina yote yamo ndani. Kenya iliazima kanuni kutoka kusini lakini haikuazima sehemu hii iliyo bora zaidi.

Watetezi wa benki wana majibu, nayo yanastahili kusikilizwa kwa makini. La kwanza ni mkataba. Mteja alitia saini, ada zilikuwa katika masharti, na makubaliano ya kulipa kwa awamu hayakusema popote kwamba ada zimefutwa. Hoja hii ina nguvu kwa juu tu. Makubaliano ya kulipa ni mkataba mpya juu ya ule wa zamani, na yanapokaa kimya kuhusu ada, swali ni nani aliyekuwa na uwezo wa kukivunja kimya hicho. Aliyeandika karatasi ni benki. Aliye na wanasheria ni benki. Anayejua mfumo wa kompyuta utaendelea kukata ada gani ni benki. Mteja amekuja akiwa na hofu ya dalali na hofu ya kuorodheshwa CRB, yaani katika kampuni zinazotunza taarifa za wakopaji. Ni kanuni ya kale ya sheria za mikataba kwamba maneno yenye utata hutafsiriwa dhidi ya aliyeyaandika, na hapa hata utata ni mdogo: mtu wa kawaida akiambiwa alipe 6,000 kila mwezi hadi deni liishe, anaelewa kwamba 6,000 hizo zinakwenda kwenye deni. Kama benki ilikusudia nusu yake iende kwenye faini, ilipaswa kuandika hivyo kwa herufi zinazosomeka, na ninaamini wateja wengi wangekataa kutia saini.

La pili ni nidhamu. Inasemwa kwamba adhabu zikisimama, kila mtu ataacha kulipa ili apate makubaliano. Sioni mantiki ya hofu hiyo. Anayeingia katika makubaliano hapati zawadi: akaunti yake imefungwa, jina lake linaweza kuwa limekwisha kupelekwa CRB, na riba inaendelea. Hakuna mfanyabiashara mwenye akili timamu atakayeiharibu sifa yake ya mkopo ili aepuke ada ya elfu tatu. Zaidi ya hapo, kama lengo la faini ni nidhamu tu, hakuna sababu ya faini hiyo kuwa pato la benki. Watu wa pwani yetu na wa miji mingi ya bara wanalielewa jambo hili vizuri, kwa sababu tangu mwaka 2008 Kenya imekuwa na benki zinazofuata Sharia, na kanuni za fedha za Kiislamu haziruhusu benki kuifanya faini ya kuchelewa iwe faida yake, bali hutolewa sadaka. Mdeni mzembe anaumia vilevile, lakini benki haifaidiki na kukwama kwake. Benki ambayo pato lake linaongezeka mteja anapobaki juu ya kikomo ina sababu ndogo ya kumsaidia ashuke.

Kwamba pato hilo hutoka kwa watu wachache waliobanwa kuliko wote si dhana yangu. Uingereza ililichunguza. Mamlaka ya kusimamia mienendo ya taasisi za fedha ya huko, FCA, ilikuta kwamba mwaka 2016 zaidi ya nusu ya ada zote za kupitisha kikomo zililipwa na asilimia 1.5 tu ya wateja, na kwamba mwaka 2017 benki zilipata zaidi ya pauni bilioni 2.4 kutokana na ovadrafti, karibu asilimia 30 yake ikiwa ni za kupitisha kikomo. Ikaona pia kwamba ada hizo mara nyingi zilikuwa ghali mara kumi kuliko mikopo ya dharura ambayo magazeti ya huko yalikuwa yakiilaani. Wateja walikuwa wamejaribu mahakama kwanza. Tarehe 25 Novemba 2009 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba mdhibiti wa biashara hakuwa na mamlaka ya kuzipima ada hizo kwa kigezo cha haki ya bei, na maelfu ya madai yakafa siku hiyo. Ilichukua zaidi ya miaka kumi, hadi Aprili 2020, FCA ilipopiga marufuku ada za kiwango kisichobadilika na kuagiza kwamba ovadrafti ilipishwe riba moja ya mwaka, bila riba ya juu zaidi kwa aliyepitisha kikomo. Ni kweli, na wapinzani wa hoja yangu watalitaja, kwamba benki nyingi za Uingereza zilijibu kwa kupandisha riba ya ovadrafti hadi karibu asilimia 40. Sitalificha hilo. Lakini bei hiyo sasa inaonekana, inalinganishwa kati ya benki na benki, na inamwangukia kila mtumiaji kwa kadiri ya alichotumia, badala ya kujificha katika faini za wachache walio taabani.

Pingamizi la tatu ni lile linalotolewa kila mara Kenya inapojaribu kuzigusa benki: mtawaumiza wakopaji wadogo, kwa sababu benki zitaacha kuwakopesha. Tuna ushahidi wa karibu. Septemba 2016 sheria ya kuweka kikomo cha riba ilianza kutumika, ikifunga riba isizidi pointi nne juu ya kiwango cha Benki Kuu. Mikopo kwa wafanyabiashara wadogo ikadorora, na Novemba 2019 kikomo hicho kikaondolewa. Nakubali funzo hilo, lakini tusilipanue kupita mipaka yake. Sheria ya 2016 iligusa bei ya kila mkopo mpya, hata wa mteja asiyewahi kuchelewa. Ninachopendekeza hakigusi mkopo mpya hata mmoja. Kinagusa faini juu ya deni ambalo benki yenyewe imekiri kwamba haliwezi kulipwa kwa masharti ya awali, na ambalo kwa mujibu wa kanuni za uhasibu imekwisha kulitengea fedha za hasara. Upande wa pili upo mfano wa Fuliza, ovadrafti ya M-Pesa iliyoanzishwa mwaka 2019 na Safaricom pamoja na benki mbili. Mwaka 2022 ada zake zilipunguzwa, na waliochukua viwango vidogo wakapewa siku tatu bila ada ya kila siku. Huduma haikufa, matumizi yake yaliendelea kukua.

Benki zenyewe zina maslahi hapa kuliko zinavyokubali. Mwaka 2024 mikopo iliyokwama ilipita asilimia 16 ya mikopo yote ya benki nchini, kiwango kikubwa mno. Deni ambalo mteja anaona halishuki ni deni atakaloliacha. Mwenye duka wa mfano wetu, akigundua mwezi wa kumi na mbili kwamba 72,000 zake zimefanya kazi ya 16,000, hatalipa mwezi wa kumi na tatu. Atabadilisha nambari ya simu. Benki iliyotamani 360,000 itabaki na 72,000 na gharama za wakili, wakati ingeweza kupata 141,000 kamili kwa kukaa kimya na kupokea.

Na Benki Kuu isiseme kwamba haina uwezo. Tarehe 18 Machi 2020, corona ilipoanza kuuma, ilitangaza kwamba wateja walioathirika waruhusiwe kupanga upya mikopo yao, na kwamba gharama zote za kupanga upya zibebwe na benki. Ikafanyika. Zaidi ya nusu ya mikopo yote ya benki, kwa thamani, ilipangwa upya bila mfumo wa fedha kuanguka. Kilichowezekana kwa nchi nzima wakati wa janga kinawezekana kwa mteja mmoja mmoja anayepatwa na janga lake mwenyewe, iwe ni ugonjwa, kufutwa kazi au soko kuungua. Agizo ninalolidai si refu. Kila makubaliano ya kulipa yaandikwe na yataje kiasi cha deni la msingi, riba na muda. Kuanzia siku hiyo ada za adhabu zisimame maadamu mteja analipa. Malipo yapunguze deni la msingi na riba ya mwezi huo kabla ya kugusa faini yoyote ya zamani. Bunge nalo lirekebishe 44A ili ada ziingie chini ya dari, na ili riba ya zamani isigeuzwe kuwa deni la msingi jipya kwa saini ya mtu aliyebanwa.

Hadi hapo sheria itakaporekebishwa, anayekatwa ada hizi asikae akisubiri. Aendelee kulipa kiasi alichokubali, kwa maana akiacha anaipa benki hoja ambayo haikuwa nayo. Kama makubaliano yalikuwa ya mdomo, amwandikie meneja barua au baruapepe akieleza walichoafikiana na lini, na aombe jibu. Aombe taarifa ya akaunti tangu kabla ya makubaliano hadi leo, akae na kalamu, na atenganishe riba na ada. Kwa kila ada aiulize benki kwa maandishi maswali matatu: imetoka katika kifungu gani cha mkataba, nilijulishwa lini, na kiwango hiki kiliidhinishwa lini. Ombi la kurudishiwa liwe na jumla kamili kwa shilingi, kwa sababu malalamiko yasiyo na kiasi ni rahisi kuyajibu kwa barua ya pole. Benki ikikataa au ikinyamaza, malalamiko yaende Benki Kuu, na kuhusu ada zisizotajwa mapema yaende pia kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Ripoti ya CRB iombwe vilevile. Mteja anastahili nakala moja bure kila mwaka, na kiasi kilichoorodheshwa kikiwa na ada zinazobishaniwa kinaweza kupingwa hapo. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mwaka 2021, inasikiliza madai ya fedha hadi shilingi milioni moja, inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 60, na mtu anaweza kujisimamia bila wakili. Jirani zetu wa Tanzania nao wana pa kushika: Kanuni za Benki Kuu yao za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha, za mwaka 2019.

Wapo watakaosema kwamba elfu tatu kwa mwezi ni fedha ndogo kwa vita vyote hivi. Kwa benki ni ndogo kweli, na ndiyo maana benki nyingi zingeona nafuu kuirudisha kuliko kuitetea mbele ya hakimu. Kwa mwenye duka ni nusu ya kila anachoweza kutoa. Madai ya mkataba nchini Kenya hufa baada ya miaka sita tangu haki ilipovunjwa, kwa hiyo aliyekatwa ada hizi ndani ya miaka sita iliyopita aombe taarifa ya akaunti yake wiki hii.